Mwalimu Nyerere aliitii OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika), au aliitii pale tu ilipompendeza?

Mleta mada: Wakuu, kule Cairo 1964 ni Mwalimu mwenyewe aliyesimamia azimio la kuheshimu mipaka tuliyorithi kwa mkoloni. 1968 akaitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, huku OAU ikiwa upande wa serikali ya Nigeria kule Lagos. 1975 kikao cha wakuu wa OAU kikapelekwa Kampala kwa Idi Amin, tukasusa. 1979 jeshi letu likaingia Kampala yenyewe. Sasa utii kwa OAU hapo uko wapi? Au tunajua kusimulia tu Kamati ya Ukombozi ya OAU, iliyosaidia wapigania uhuru?

Ng'ambo ya Kyaka: Unaandika kama vile tulikwenda Kampala kutalii. Oktoba 1978 Amin kaingia, kisha katangaza kuwa ardhi yote mpaka mto Kagera ni yake. Daraja la Kyaka likalipuliwa. OAU ikaleta wasuluhishi, kumlaani mvamizi ikashindwa. Wewe ungefanyaje, ungewaandikia barua makao makuu ya OAU kule Addis Ababa?

Chumvi Nyingi: Iwe barua iwe vita, bili tulilipa wenyewe. Baada ya vita Mwalimu alituambia tufunge mkanda miezi 18, mimi naona hadi leo haujafunguliwa 😂

Mama Wawili: Chumvi unacheka nini? Sisi tulipanga foleni ya sabuni. Ulikuwa umezaliwa?

Chumvi Nyingi: Sijazaliwa mama, ila deni nimerithi.

Mama Wawili: Kijana una mdomo! Kila dhiki mnaisukumia vita. Bei ya mafuta ilipanda 1973, ukame ukafuata, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Amin alitukuta tayari tunayumba.

Ng'ambo ya Kyaka: Mwambie mama. Watu walikimbia na watoto mgongoni, yeye analeta utani wa mkanda.

Tarishi: Turudi kwenye mada jamani. Mbona hamuitaji 1965? Ian Smith, kiongozi wa walowezi, alipojitangazia uhuru Rhodesia (Zimbabwe ya leo), koloni la Uingereza, mawaziri wa OAU waliazimia wanachama wavunje uhusiano na Uingereza ikiwa haitamzima kufikia katikati ya Desemba. Siku ilipofika wengi wakaingia mitini. Sisi tulivunja, na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukaota mbawa. Huyo ndiye mtu asiyetii?

Mleta mada: Asante, umenisaidia. 1965 azimio lilikuwa la kwake moyoni, akalitekeleza. La Biafra halikuwa lake, akalipiga teke. Ndicho ninachouliza tangu mwanzo.

Tarishi: Hukuuliza hivyo. Ulihoji utii, sasa unahoji moyo. Chagua moja.

Kibwebwe: Na Biafra msiizungumzie kirahisi. Watoto wanakufa kwa njaa, wewe unashika kitabu cha mkataba? Zambia nao waliitambua, Gabon, Ivory Coast.

Mleta mada: Kwa hiyo ndiyo maana kwenye kikao cha OAU Monrovia Julai 1979 Obasanjo wa Nigeria na Nimeiri wa Sudan walitushukia kwa kuingia Uganda?

Kibwebwe: Obasanjo ndiye aliyepokea silaha za Biafra zilipowekwa chini 1970. Ulitegemea atupigie makofi? Ni kinyongo tu.

Tarishi: Kinyongo au sheria? Mkataba wa OAU ulikataza kuingilia mambo ya ndani, na sisi hatukuishia mpakani. Mimi namtetea Mwalimu, lakini hapo Kampala Obasanjo alikuwa na hoja.

Ng'ambo ya Kyaka: Tarishi nawe umegeuka? Tungeishia mpakani ili Amin arudi mwaka unaofuata? Gaddafi wa Libya alimletea askari mpaka Lukaya, ndani ya Uganda, mbona huyo hakuitwa mwingiliaji?

Chumvi Nyingi: Mama Wawili, hiyo foleni ya sabuni ilikuwa kabla ya vita au baada? Hujanijibu.

Mama Wawili: Kamuulize bibi yako.