Hivi huko vijijini ni wazee gani hasa wanaofikiwa na huduma za wazee?

Binti_Kishapu:
Habari zenu wakuu. Mi nipo Dar ila mama yangu yuko kijijini Kishapu, ana miaka 74, ana presha na macho yameanza kufifia. Juzi nilienda kumsalimia nikakuta kitambulisho chake cha matibabu bure kakifunga kwenye pindo la kitenge pale anapofungiaga hela, kipya kabisa, hakijatumika hata siku moja. Namuuliza mama mbona huendi, ananijibu "nitaenda na nani?" Zahanati ni kama kilomita 9, boda kwenda na kurudi elfu 6, hela yenyewe hana, na anasema akifika ataambiwa dawa hakuna akanunue dukani. Siku ileile nikapita pale zahanati, dirisha la wazee lina watu, ila wote niliowatambua ni wa palepale senta. Sasa nauliza kwa wanaojua, hizi huduma, matibabu bure, hela za TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini), mabaraza ya wazee, wanaozitumia ni kina nani? Au mama yangu ndo mzembe?

Mhudumu_wa_Kaya:
Dada pole, mama sio mzembe hata kidogo. Mi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hukuhuku Usukumani, mwaka wa saba sasa napita kaya kwa kaya. Anayefika dirishani ni mzee mwenye mtu. Sio anayeumwa zaidi wala maskini zaidi, ni yule mwenye mjukuu wa kumshika mkono, au kijana mwenye baiskeli, au anakaa karibu na barabara. Baraza la wazee ndo usiseme, wababa ndo wengi, wamama wanabaki na wajukuu na maji na kuni, kikao kimeitwa saa nne asubuhi ataachaje chungu motoni? TASAF nayo haimchukui mtu kwa uzee wake, inatafuta kaya maskini, na majina yanatajwa kwenye mkutano wa kijiji, sasa bibi anayeishi peke yake kule mwisho wa mashamba nani atamkumbuka kumtaja. Na kuna jingine watu hawapendi kulisema, bibi akiwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote hiyo anaitwa mchawi, huyo hata njiani anapita kwa woga, mkutanoni atakaa na nani?

Nina bibi mmoja haoni kabisa, ila nikikaribia tu anajua hatua zangu, nafika nakuta kigoda changu kishawekwa nje kivulini. Mwaka jana niliumwa sikwenda miezi minne. Niliporudi akaniambia tangu siku ile hakuna mtu wa afya aliyekanyaga pale. Kwa hiyo usingoje mama aende, mtafute mhudumu wa kitongoji chake, mtendaji wa kijiji lazima ana namba yake.

Mpemba_wa_Wete:
Huku kwetu Zanzibar kuna pensheni jamii, nayo haina kutajana mkutanoni, ukishafika miaka 70 na ni mkaazi basi unaandikishwa. Ilianza 2016 kwa elfu 20 kwa mwezi na imeshapanda toka hapo. Bibi yangu hakusoma na hana wa kumsemea lakini anapata kama wenziwe. Mi naona umri ndo kigezo kizuri, mzee asianze kuthibitisha umaskini wake mbele za watu.

Ganze_Kilifi:
Hata sisi Kenya kuna Inua Jamii, pesa za serikali, inawalipa wazee wa miaka 70 kwenda juu shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini ndugu yangu umri pekee hautoshi. Babu yangu tulimpeleka kwa ajenti wa malipo mara tatu, mashine ikakataa kusoma vidole vyake, alama zote zimeliwa na jembe, tunamwosha mikono, tunampaka mafuta, wapi. Mpaka tulipoandikisha mtu wa kumchukulia ndio pesa zikaanza kutoka. Jirani yake ni rika moja, shida moja, hana mtoto hapa kijijini, yeye alienda mara moja akakata tamaa. Huyo ndiye unayeuliza habari zake.

Mhudumu_wa_Kaya:
@Ganze umenena. Na dada, ukishalipia usafiri usilipie wa mama peke yake. Bajaji moja inabeba wazee watatu, uliza na wa njiani.

Binti_Kishapu:
Asanteni sana jamani, nimesoma yote. Mtendaji kanipa namba, yule mhudumu anapita kwa mama Jumanne. Bajaji nimeongea na kijana mmoja wa pale senta, nitamlipa kwa simu kila siku ya kliniki ya presha. Jana usiku nikampigia mama nikamuuliza njiani mnaweza kumpitia nani, akanitajia watu wanne palepale bila hata kufikiri. Mmoja ni mama aliyekuwa anatuuzia karanga tukiwa shule ya msingi, mi nilijua alishafariki zamani.