Je, kambare mkia mwekundu anafaa kufugwa katika tangi la nyumbani?

Kioo Safi (muulizaji)

Salaam, ndugu zangu wafugaji wa samaki. Nina tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 50, yaani lita 300 hivi, ambamo nimefuga samaki wadogo kwa muda mrefu na maji yake yametulia. Sasa muuzaji amenionyesha kambare mkia mwekundu wa Mto Amazon, ambaye bado hajazidi urefu wa kidole, mwenye mgongo mweusi, ubavu mweupe na sharubu ndefu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria yeye tu. Muuzaji anasema samaki hukua kulingana na ukubwa wa tangi, hivyo hatanisumbua. Naomba kujua kama maneno hayo ni ya kweli, kama naweza kumweka pamoja na hawa nilio nao, na kama ni busara kumchukua sasa kisha nitafute tangi kubwa atakapokua.

Mlezi wa Maji

Ndugu Kioo Safi, maneno hayo si ya kweli, na yamewaponza samaki wengi wa aina hii. Kinachomdumaza samaki katika tangi dogo ni maji yanayojaa uchafu wake mwenyewe pamoja na kukosa nafasi ya kuogelea. Samaki aliyedumaa kwa namna hiyo mara nyingi hupinda uti wa mgongo, hushambuliwa na maradhi kwa urahisi na hufa kabla ya wakati wake. Kambare huyu akitunzwa vizuri hufikia urefu wa mita moja na zaidi, na huweza kuishi miaka 15 au kuipita. Ndani ya miaka miwili ya kwanza anaweza kuwa amevuka nusu mita.

Wengi hutazama urefu wa tangi wakasahau upana, ilhali upana ndio unaoamua kama samaki ataweza kugeuka. Katika upana wako wa sentimita 50, samaki wa mita moja atalazimika kukunja mwili kila anapotaka kubadili mwelekeo, na atasugua pua na sharubu kwenye kioo mpaka zichubuke. Mimi humshauri mtu afikirie upana usiopungua mara mbili ya urefu wa samaki aliyekomaa. Chukua tangi la urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kina cha sentimita 90: hizo ni lita 7,200, nazo ni zaidi ya tani saba za maji peke yake, kabla hujahesabu kioo na kitako chake, na sakafu za nyumba nyingi hazikujengwa kubeba uzito huo. Ukibadilisha robo ya maji kila wiki, utahitaji lita 1,800 zilizoondolewa klorini na zenye joto linalokaribiana na la tangini. Usipoyabadilisha, bakteria wa kwenye chujio wataigeuza amonia, yaani sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitreti isiyo kali sana, lakini naitreti hiyo itaendelea kurundikana.

Kuhusu kununua tangi kubwa baadaye, hiyo ndiyo hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, kwa sababu samaki hatasubiri mpaka fedha zipatikane. Tangi atakalolihitaji litangulie, samaki afuate.

Bi Mwani

Naongeza kuhusu wenzake na chakula. Mdomo wa kambare huyu ni mpana karibu sawa na kichwa chake, naye huchangamka zaidi taa zikizimwa. Ukiamka asubuhi utakuta samaki wamepungua na yeye ametulia chini, tumbo limevimba. Samaki yeyote anayeenea mdomoni mwake ni chakula. Humeza hata changarawe na vifaa vidogo vilivyobandikwa kwenye kioo, jambo linaloweza kumziba utumbo, kwa hiyo hita, yaani kifaa cha kupasha maji joto, lazima ikingwe.

Wala usidhani kwamba kumtupia samaki hai ndiko kumlisha vizuri. Samaki wa dhahabu, ambao wengi huwatumia, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na huweza kumletea vimelea na magonjwa. Mafuta ya nyama ya ng'ombe nayo hayamfai. Mzoeze mapema punje za samaki walao nyama pamoja na minyoo ya ardhini, na akishakuwa mkubwa usimlishe kila siku.

Pezi Refu

Nakubaliana na waliotangulia kuhusu kambare, ila sipendi muulizaji aondoke akiamini kwamba samaki mwindaji hafugiki nyumbani kabisa. Samaki aitwaye oska hufikia sentimita 30 hadi 35, na lita 300 zinamtosha mmoja iwapo chujio lina nguvu na maji yanabadilishwa bila kukosa. Humtambua anayemlisha, humfuata kwenye kioo, na hufukua changarawe apendavyo. Hao wadogo itabidi wahamie kwingine, maana naye atawala.

Kioo Safi (muulizaji)

Nawashukuru nyote. Muuzaji ameniahidi kwamba kambare akifikia nusu mita atampokea. Je, ahadi hiyo haibadilishi jambo?

Mlezi wa Maji

Ingebadilisha kama muuzaji angekuwa na mahali pa kumweka. Kambare hawa hukataliwa hata na maonyesho makubwa ya samaki, kwa kuwa wenye kutaka kuwatoa ni wengi kuliko nafasi zilizopo. Njia inayobaki kwa mtu aliyekwama huwa ni mto au ziwa, nayo asiifuate kamwe. Sangara alipoingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zilipungua mno na nyingine zikatoweka. Mwombe muuzaji akuonyeshe leo hii tangi atakalomweka kambare wa nusu mita. Ikiwa hana la kukuonyesha, mwache kambare huyo, na fikiria oska aliyetajwa na Pezi Refu, kwa sharti kwamba wale wadogo wamekwisha kupata tangi lao.