Kwa nini upasuaji wa macho uliahirishwa wakati wa korona?

Mkazi wa Ngamiani: Ndugu zangu wa Tanga, mwaka 2020 mama yangu aliahirishiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na hakufurahi hata kidogo. Je, daktari wa macho ana hatari gani ya pekee?

Muuguzi wa Chumbageni: Ndugu yangu, hatari yake ni ukaribu, kwani anapochunguza jicho kwa darubini, uso wake na wa mgonjwa hukaribiana mno. Li Wenliang, daktari wa macho wa Wuhan aliyewatahadharisha wenzake Desemba 2019, aliamini kwamba aliambukizwa na mgonjwa wa glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho) asiyekuwa na dalili za korona, naye akafariki Februari 2020. Ndiyo maana kliniki nyingi duniani zilifunga kinga za plastiki kwenye darubini, zikawaomba wagonjwa wasizungumze wanapopimwa, na zikaahirisha upasuaji ulioweza kusubiri.

Mzee wa Makorora: Mtoto wa jicho, mara nyingi, husubiri. Uoni uliopotea kwa glakoma haurudi, kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo, kwa maoni yangu, alistahili kupewa matone ya miezi kadhaa badala ya kuambiwa asubiri tu. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikibanduka huhitaji upasuaji wa haraka, kuwe na janga au kusiwe.