Ushauri: Babu alikuwa mpiga mizinga wa Mwingereza, natafuta rejimenti yake ilipita wapi 1944

Mjukuu wa Keya
Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, wiki ya pili sasa usingizi sina. Babu mzaa mama alikuwa jeshi la Mwingereza vita vya pili, upande wa mizinga, Jeshi la Mizinga la Afrika Mashariki. Kijijini walimuita Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles), na alikuwa anakasirika maana keya ni wa bunduki, yeye wa mzinga. Rejimenti yake ni ya 301. Nataka nijue mwezi kwa mwezi mwaka 1944 walikuwa wapi, kwa sababu Desemba tunajengea kaburi lake huko Lupembe na ukoo mzima unakuja. Alikuwa anatusimulia mvua ya Burma isiyokatika, ruba ndani ya buti, mzinga wa ratili 25 (huo ni uzito wa kombora lake) umezama kwenye tope watu wanauvuta kwa kamba huku wanaimba. Nasikia kumbukumbu ziko Uingereza. Naanzia wapi? Muda hauko upande wangu.

Kopo la Maziwa
Ndugu we dai fidia, hayo ya mwezi kwa mwezi yatakusaidia nini? Babu yangu mimi alirudi na koti zito la jeshi na blanketi, basi. Lile koti tumelivaa watu watatu kwenda shule wakati wa baridi, mpaka vifungo vikaisha tukafunga kamba ya katani.

Dada Nyaraka
Pole na pilika za kaburi. Unachotafuta kinaitwa shajara ya vita. Kila kikosi kilikuwa kinaandika ya kwake kila mwezi: leo tumelala wapi, tumepiga mizinga mingapi, nani amejeruhiwa. Zipo Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London. Za Burma na Ceylon (Sri Lanka ya leo) ziko fungu la WO 172, za Mashariki ya Kati pamoja na huku kwetu fungu la WO 169. Nyingi haziko mtandaoni, unaagiza nakala kwa kulipia au unampata mtu wa kwenda kukupigia picha. Ila ujue kabisa, shajara inataja maofisa kwa majina, askari wa kawaida mara nyingi ni idadi tu. Itakuambia rejimenti ilikuwa wapi. Babu alikuwa wapi haitakuambia. Halafu nikuulize, hiyo 301 umeitoa wapi?

Mjukuu wa Keya
Ni 301, nina uhakika. Fundi wa jiwe nimeshampa nusu ya hela. Nisaidieni hizo tarehe tu.

Mama Wawili
Jiwe la nini jamani, marehemu anahitaji dua. Siku hizi makaburi yanapendeza kuliko nyumba walizolala wazee wakiwa hai.

Dada Nyaraka
Sijauliza kama una uhakika, nimeuliza umeitoa wapi. Kwa sababu rejimenti ya 301 haikufika Burma. Iliondoka Mombasa mapema Februari 1944 kwa meli ya Khedive Ismail, msafara wa meli tano za askari, wanaelekea Colombo. Tarehe 12 Februari mchana, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga. Meli ilizama kwa dakika mbili hivi. Kwenye watu 1,511 walikufa 1,297, na askari na maofisa wa hiyo 301 peke yao walikuwa 996 mle ndani. Sasa ruba za Burma babu kazikuta wapi? Ni kweli walikuwepo walionusurika, lakini wachache mno.

Mzee wa Kilindini
Marehemu baba alikuwa kuli bandarini miaka ile. Alisema waliwapakia askari wanaimba, na baadaye ikawa marufuku kuuliza ile meli iko wapi. Mpaka anazeeka hakupenda kuzungumzia mwezi wa pili.

Mjukuu wa Keya
Sawa, niseme. Jina lake nimelikuta kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Jina la kwanza ni lake, la baba yake ni lenyewe, rejimenti 301, kumbukumbu yake iko Nairobi kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong. Ndiyo, ni orodha ya waliokufa. Imeandikwa amefariki 12 Februari 1944. Babu tumemzika 1989. Nikajua wazungu walikosea tu, alinusurika wakamuandika amekufa, ndiyo maana sikusema mapema, nilijua mtaanza. Na jiwe siwezi kulirudisha, wajomba wameshachanga.

Ngosha wa Mjini
Chai hii, na haina hata sukari. Mtu amekufa 1944, mama yako kazaliwa mwaka gani?

Mjukuu wa Keya
1951.

Ngosha wa Mjini
Sasa wakuu mnamjibu nini huyu? Marehemu kapata mtoto 1951! Anatunga, kesho atakuja na namba ya kumchangia.

Kopo la Maziwa
Nilishasema kwenye fidia, sasa naona ndiko anakotupeleka.

Mjukuu wa Keya
Sijaomba shilingi ya mtu. Niiteni mwongo mimi, babu yangu muacheni. Medali yake ya nyota ya Burma ninayo hapa mkononi. Haina jina, nimeigeuza pande zote.

Dada Nyaraka
Ngosha tulia. Nyota za vita vile Mwingereza kwa kawaida hakuziandika majina, kwa hiyo hiyo haimkani wala haimthibitishi. Ila kama ni yake, basi yaelekea alifika Burma, na aliyefika Burma akavuta mizinga kwenye matope huenda alikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, hao walioteremka bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944 na kuingia Kalewa Desemba. Hiyo inalingana na masimulizi yake. Majina ya watu wawili yanaweza kufanana mkuu, namba ya jeshi haiwezi. Umelinganisha namba?

Mjukuu wa Keya
Cheti cha kuachishwa jeshi kiko kwa mama mdogo. Nilikiona zamani. Namba sikuangalia.

Mzee wa Kilindini
Mpigie leo, usingoje kesho. Na muulize kama babu yako alikuwa na ndugu.

Mjukuu wa Keya
Nimerudi. Mama mdogo kasoma namba tarakimu moja moja, tumerudia mara tatu. Sio ile ya kwenye orodha. Kisha akanyamaza muda mrefu nikadhani mtandao umekata. Anasema babu alikuwa na kaka yake mkubwa, waliandikishwa pamoja, na kwao wote wawili walipewa jina la babu yao mzaa baba, mmoja mkubwa mmoja mdogo, wazee walikuwa wanafanya hivyo. Mkubwa hakurudi. Bibi alikataza asitajwe mbele ya babu. Kwa hiyo 301 ni ya kaka yake, na mimi nilikuwa naenda kuichonga juu ya babu. Nimempigia fundi asimame, alikuwa ameshachora kwa penseli. Sasa mkubwa hana kaburi wala mtu wa kumtaja, yuko chini ya maji kule. Mwenye uzoefu anisaidie, jiwe moja linaweza kubeba watu wawili wenye jina moja?

Mama Wawili
Linabeba. La mama na shangazi tuliweka hivyo. Mwandikie kila mmoja namba yake ya jeshi chini ya jina. Na hesabu herufi kabla ya kumpigia fundi, wanatoza kwa herufi.