Mashine ya kukausha kwa mawimbi ya redio, itafaa kwa dagaa wa Kigoma?

MchuuziKibirizi: Habari zenu wadau. Nauza dagaa hapa Kibirizi, mvua zikianza tu ni balaa, unaanika asubuhi, saa sita wingu limetanda unakimbilia turubai, kesho yake mzigo umebadilika rangi na unanuka, mteja wa Dar anaukataa. Sasa kuna jamaa kaniambia zipo mashine za mawimbi ya redio, mzigo unapita katikati ya bati mbili unakauka kuanzia ndani. Ni kweli? Na fundi mmoja anasema ataniundia kwa vipuri vya maikroweva mbovu.

FundiTabora: Zipo dada, tena ni za siku nyingi viwandani. Nyingi zinatumia megahezi 27.12, yaani umeme kati ya zile bati unageuka zaidi ya mara milioni 27 kwa sekunde, molekuli za maji zinajigeuza kuufuata, chumvi iliyoyeyuka nayo inasukumwa huku na huku, joto linazaliwa humohumo ndani. Maikroweva ya nyumbani ni 2,450, ile haiingii mbali, hii inaenda ndani zaidi. Ndo maana wanakaushia mbao nene, biskuti ambazo katikati zimebaki na unyevu, wanayeyushia na mabonge ya samaki wa kugandishwa.

Ila dagaa ni mwembamba, joto la kawaida linamfika katikati bila shida. Kinachokukwamisha masika ni hewa, imeshiba unyevu haibebi maji tena, na hata ukiwa na hiyo mashine bado utahitaji feni itoe mvuke.

Halafu vipuri vya maikroweva USIKUBALI kabisa. Kapasita ya mle ndani inashika volti zaidi ya 2,000 na inaweza kubaki na umeme hata plagi imechomolewa, inaua. Na mawimbi yakivuja yanaunguza mwili.

Binti_Ujiji: Niongezee hesabu ya LUKU maana hapo ndo penyewe. Dagaa wabichi kilo 100, karibu robo tatu ni maji, ili wakauke vizuri unatoa kama kilo 70 za maji. Kilo moja ya maji kugeuka mvuke inataka uniti 0.63, kwahiyo 70 ni uniti 44 hata mashine isipopoteza chochote, na zinapoteza, unaweza kufika 70 au 80. Piga kwa bei ya uniti ujionee, jua ni bure!

Mi ningeweka hela kwenye vichanja vya wavu vilivyoinuka, juu nailoni angavu, pembeni pa kupitishia hewa, na chumba kidogo chenye feni na hewa ya moto cha kumalizia siku za mvua.

MchuuziKibirizi: Asanteni sana, nimeelewa. Je wakishakauka, wale wadudu wanaoingia kwenye viroba?

FundiTabora: Hapo sasa mawimbi yana maana. Mzigo mkavu kwenye kiroba hewa ya moto inachelewa kufika katikati, mawimbi yanapita, na mdudu ana maji kuliko dagaa mkavu kwahiyo anapata joto haraka. Lakini hiyo ni ya ghala kubwa, labda mjiunge ushirika mzima wa mwalo. Mtu mmoja mmoja kausheni vizuri, funga kiroba kisipitishe hewa, panga juu ya mbao mbali na ukuta.

Binti_Ujiji: Na usifunge wakiwa bado na joto la jua, waache wapoe kwanza, la sivyo wanatoa jasho ndani ya kiroba ukungu unaanzia hapo.