Mnatuhimiza tujifungulie kituoni. Kituoni kwenyewe kuna nini?

Wakuu, leo lugha laini sina. Kila mjamzito akifariki, jibu la kwanza ni lile lile: "alichelewa kuja." Alichelewa wapi?

Shemeji yangu alifika leba mapema, kadi ya kliniki mkononi, na kadi yenyewe ilionyesha presha inapanda kila hudhurio. Akamkuta mkunga mmoja na wazazi wengine tayari wanahangaika na uchungu. Kabati la dawa za dharura lina kufuli. Ufunguo? Anao mtu aliyeshatoka kazini. Kifafa cha mimba kikamshika huku watu wanapigiana simu kuulizana ufunguo. Yeye yuko hai, mtoto hatukumpata. Kwenye faili ikaandikwa: "mgonjwa alichelewa kufika."

Dawa iliyokuwa ndani ya kabati lile ni magnesiamu salfeti. Ni ya zamani, ya bei ya chini, na utafiti mkubwa wa Magpie ulishaonyesha tangu 2002 kwamba inapunguza hatari ya degedege hilo kwa zaidi ya nusu. Sasa niambieni, hapo tatizo ni "uelewa mdogo wa jamii"?

Tuje kwenye damu, maana kuvuja damu baada ya kujifungua ndiko kunakoua wengi. Sindano ya oksitosini, inayokaza mfuko wa uzazi ili damu ikate, inatakiwa ikae kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8. Kituo kina friji, umeme hauna uhakika, dawa inashinda kwenye joto siku nzima, kesho yake mama anachomwa hiyo hiyo. Kwenye karatasi amepewa matibabu. Mwilini kaingiziwa kitu ambacho nguvu yake haijulikani. Kuna karbetosini, dawa ya kazi hiyo hiyo, inayovumilia joto na Shirika la Afya Duniani limeshaikubali, lakini kwenye vituo visivyo na umeme, ambavyo ndivyo vinaihitaji, utaisikia kwenye semina tu.

Na kipimo cha damu iliyotoka ni jicho. Mtu anatazama shuka lililolowa anasema "si nyingi." Inakuja kutambulika ni nyingi mama keshaanza kuwa baridi vidoleni na haitiki akiitwa. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE: mama anatandikiwa plastiki yenye alama za kipimo, damu ikifika kiwango fulani hakuna kusubiri. Mfuko wa uzazi unakandwa, oksitosini, traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande), dripu na uchunguzi wa chanzo, vyote kwa pamoja badala ya kujaribu kimoja kimoja huku saa zinakwenda. Kuvuja damu kupita kiasi na madhara yake makubwa vikashuka kwa asilimia 60. (Asitokee mtu wa kuniambia hayo ni mambo ya matajiri. Ulifanyika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania.)

Mtoto asiyelia naye ana dakika moja ya kuanza kusaidiwa kupumua. Unakuta mfuko wa kupumulishia upo, barakoa yake ni ya mtu mzima, inamfunika kichanga uso mzima na hewa inatokea pembeni. Aliyeagiza alitia saini, vifaa "vimepokelewa."

Habari ya njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ndiyo inanitia hasira zaidi. Kumlaza mtoto ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama kulianzia Bogotá mwaka 1978 kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Yaani ni mbinu iliyozaliwa na uhaba! Bado kuna wodi zinamtenganisha mtoto na mama, mtoto kwenye chumba cha baridi, mama nje kwenye benchi, kisa utaratibu. Kifua cha mama hakihitaji zabuni.

Simwangushii mkunga jumba bovu, usiku mzima peke yake atafanya nini? Wapo wenye kauli chafu, hao nao tunawajua na hawana utetezi. Lakini kikao cha kuchunguza kifo kikiitwa, anayehojiwa ni mkunga. Anayeshika bajeti hayupo chumbani. Aliyeacha kituo bila gari la wagonjwa hayupo. Kikao kinaisha na barua ya onyo, kabati linabaki na kufuli lake.

Mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walifariki duniani kwa sababu za ujauzito na uzazi, zaidi ya 700 kila siku, wengi mno kati yao kutoka nchi zenye kipato cha chini na zile za kipato cha kati ngazi ya chini. Wengi wangeweza kuokolewa kwa haya haya niliyoyataja.

Naomba wakunga na wauguzi mliopo humu mseme bila kutaja vituo vyenu: zamu ya usiku ufunguo wa dawa za dharura unakaa kwa nani? Nini kinaisha kwanza, na mkiandika kuomba mnajibiwa nini? Wale wa "elimu itolewe kwa akina mama" leo mtupishe.