MREJESHO: Mashua ya marehemu babu imerudi majini

Ndugu zangu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama mashua ya tanga ya marehemu babu, iliyokaa nchi kavu miaka 9 hadi mbao zikaachana, niizibe nyufa zote kwa gundi ngumu. Mlinikataza: mbao zikinywa maji huvimba, na gundi isiyobonyea itazisukuma hadi mataruma, yaani mbavu za mashua, yavunjike. Ahsanteni sana, mliniokoa.

Nilitoa kalafati yote ya zamani, yaani vizibo vya nyufa, nikatia pamba mpya kwa patasi butu na nyundo, bila kuishindilia mno. Kazi ya taratibu hiyo. Sikio ndilo linalokuongoza, maana ufa ukishajaa mlio wa nyundo hubadilika.

Kilichonishtua ni misumari. Kwa nje ilionekana mizima, lakini nilipong'oa mmoja karibu na mkuku, ule uti wa chini wa mashua, ulitoka umeliwa na kutu katikati, mwembamba kama sindano. Mbao kuuzunguka ilikuwa nyeusi, laini, kidole kinazama. Nikabadilisha mbao 3 na taruma 1. Mkibomoa zenu, msiamini vichwa vya misumari, ng'oeni michache muone. Mlingoti ulikuwa mzima, ulihitaji mafuta tu.

Juzi tuliishusha. Ilivuja vibaya, nikakesha nayo nikifua maji, kuyatoa nje. Jana yakapungua, na leo alfajiri nimekuta kiasi cha kikombe tu kwenye ngama, pale chini ndani ya mashua maji yanapokusanyika. Nilikaa humo peke yangu kitambo, nimeshika usukani wa babu.

Tanga bado liko kwa fundi.